Hotuba ya Bingwa wa Kugeuza Zizi Kuwa Nyumba ya Wageni

Mgeni wa heshima, mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa, wazee, kina mama, na nyinyi vijana mliofuata soda: tulieni, mnufaike. Kwenye ratiba nimeandikwa "Bwana". Karani nimemsamehe. Mimi ni Injinia. Wapo wanaonikumbusha kwamba tangu sheria ya mwaka 2011 jina hilo ni la waliosajiliwa na bodi, na asiyesajiliwa akijiita hivyo ametenda kosa. Sikujiita. Niliitwa na mama mkwe, na yule hapingwi.

Mada yetu ni kanuni za ujenzi. Kwa miaka mingi Kenya ilitumia kanuni za 1968, mwaka niliozaliwa mimi; wanahistoria hawajaeleza kwa nini mambo mawili makubwa yaligongana hivyo. Kanuni mpya, za 2024, zilianza kutumika Machi 2025. Mimi nilimaliza kujenga Disemba iliyotangulia, kwa maana mwenye kipaji hangoji kanuni.

Hapo nikumbuke kidogo Maonyesho ya Kilimo ya Nakuru, waziri aliponipa mkono. Wenye husuda husema alikuwa akimfikia mtu nyuma yangu. Sawa, lakini mkono ulipita kwangu.

Tuendelee. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 yataka kibali cha kaunti kabla ya kubadilisha matumizi ya jengo. Pia yasema kaunti isipokujibu kwa maandishi ndani ya siku 60, ombi lako lahesabiwa limekubaliwa. Nikangoja siku zote hizo na za ziada. Kimya! Nikaanza kazi. Baadaye kijana mmoja wa ofisini, hana hata ndevu, akaniuliza ombi nililipeleka lini. Ombi? Wao walinyamaza, nami nilinyamaza. Maelewano gani tena yanatakiwa?

Sasa zizi lenyewe, kwa ufupi. Nguzo ni za mkaratusi, zimechimbiwa udongoni bila msingi, nazo zilikuwa zimebeba mabati na njiwa bila kulalamika. Nikazipandishia ghorofa na tanki la lita 5,000. Fundi akaanza hesabu zake, ati maji hayo ni tani tano. Nikamwambia nimeagiza maji, sikuagiza tani.

Sakafu ya zizi humwagwa kwa mteremko ili mkojo ukimbilie mfereji. Nimeuhifadhi kama urithi: mgeni akiangusha chungwa kitandani, hulifuata mlangoni. Mlango ni mmoja, kwa sababu ng'ombe walitoka mmojammoja na hatukuwahi kuungua. Zile kuta za nusu, zilizoachwa wazi ili hewa ipite, nimeziziba hadi juu kwa ajili ya staha. Mgeni wa kwanza alilala garini. Watu wa mjini hupenda magari yao.

Kuhusu lipu inayobanduka: ukuta ulionyonya mkojo na samadi miaka mingi una chumvi, na chumvi hiyo hupanda na unyevu na kuisukuma lipu nje. Nimeambiwa hivyo na fundi yuleyule wa tani. Mimi nimepaka rangi mara nyingine, ya krimu.

Lakini kilichonileta mbele yenu ni furaha. Juzi walifika maofisa watatu, wakazunguka jengo wakitikisa vichwa kwa mshangao, kisha wakachora ukutani herufi X kubwa, nyekundu. Katika kata hii nzima hakuna jengo jingine lililopewa X. Wapita njia wanapiga picha! Wameniachia na barua: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Wangapi humu wamewahi kupewa vyote viwili?

Maswali sitapokea, wakili amenishauri nisiongee zaidi. Kesi inatajwa Jumatatu saa tatu. Bakuli la mchango liko pale mlangoni: noti zitangulie, sarafu zifuate.