Jinsi ya Kupata Buluu Bila Rangi, Ukiwa Ikonge, Nyamira

Kwanza, achana na debe la rangi. Buluu uliyopaka kibanda chako pale sokoni itapauka kwa jua na mvua ya alasiri kabla hujamaliza deni la dukani.

Pili, subiri mvua ikatike, uende stendi ya pikipiki ukainamie dimbwi lenye utando wa mafuta. Ile zambarau na kijani haimo ndani ya oili. Mwanga mwingine unarudishwa na uso wa juu wa utando, mwingine na uso wa chini. Mwanga huo ukikutana njiani, kuna mawimbi yanayoongezana nguvu na yanayofutana, na unene wa utando ndio unaoamua rangi. Wenye boda watakuuliza umeangusha nini. Sema unafanya utafiti, watakuonea huruma.

Mwalimu mwingine ni chozi dume kwenye ua la mgomba. Anang'aa kwa vibamba vya melanini, weusi uleule wa nywele zako, vilivyopangwa kwa tabaka ndani ya manyoya. Hatozi karo.

Malighafi ni mgomba wenyewe, maana umejaa selulosi. Mwaka 2012 Silvia Vignolini wa Cambridge na wenzake walieleza siri ya tunda la Pollia condensata, mmea wa misitu ya Afrika: nyuzi za selulosi, kila tabaka limegeuka kidogo juu ya lililo chini yake, kama ngazi ya mzunguko. Rangi ya buluu ndani yake hamna, lakini matunda yaliyokaushwa karne ya 19 bado yanang'aa. Debe lako lina dhamana ya miaka mingapi?

Sasa safisha nyuzi za mgomba na uzivunje kwa asidi kali ya salfuriki (maabara, tafadhali, si jikoni kwa mama mkwe). Osha sana, halafu acha uji huo ukauke polepole kwenye sahani. Fuwele za selulosi zitajipanga zenyewe kama ngazi ileile. Mzunguko ukibana, buluu; ukilegea, nyekundu. Tofauti ni nanomita mia na ushee, ilhali unywele mmoja una unene wa takriban 80,000, kwa hiyo rula ya shule irudishe. Chumvi kidogo hubana mzunguko. Mwaka 2021 kundi hilohilo la Cambridge lilitengeneza vimetameta kwa njia ya aina hii.

Ukitaka buluu ukapata kijani, andika kwamba ulikusudia rangi ya majani chai, kwa heshima ya Nyamira, kisha omba fedha za awamu ya pili.