Wageni wa Miaka 400
Tamthilia ya 3 Body Problem, iliyotolewa na Netflix mwaka 2024 katika sehemu 8 kutokana na riwaya ya Liu Cixin, yaanza kwa fadhaa ya kweli, China ya mwaka 1966, pale binti anaposhuhudia babake, mwalimu wa fizikia, akipigwa hadharani hadi kufa. Na laiti ingalidumu hapo, ningaliisifu bila sharti. Mara twahamishiwa Uingereza, ambako hatima ya wanadamu wote, kwa sadfa isiyo kifani, imewaangukia masahibu watano wa chuo kimoja, kana kwamba Mola hugawa akili kwa bweni. Ama maadui wenyewe, viumbe wa sayari ya mbali wanaokuja kuiteka dunia, wameahidi kuwasili baada ya miaka 400, muda ambao fundi wangu wa nguo huuita kesho kutwa, inshallah.