Matembezi ya Kulipia

Mwaka 2020, shule zilipofungwa na Nairobi ikawekewa vizuizi vya korona, wazazi wa jijini waligundua jambo kubwa: mtoto ana miguu. Wakamiminika msitu wa Karura, barakoa kidevuni, wakilipa langoni ili wapite chini ya miti na kupumzisha akili. (Bila mwanamazingira Wangari Maathai kuupigania msitu huo mwaka 1999, huenda leo wangelipia kuzunguka maegesho ya magari.)

Gotu, kaunti ya Isiolo, nako familia zilitembea. Mbuzi mbele, watoto nyuma, mama na dumu la maji mgongoni, wakifuata mto Ewaso Ng'iro. Kivuli cha mgunga hakina tiketi. Nzige nao walitalii Isiolo mwaka huohuo, bila barakoa. Kumbe mchungaji amekuwa akipumzisha akili miaka yote hii, tena bila risiti!