Sifa za Modemu Kuukuu

Waswahili wamewasifu mashujaa, wameusifu mnazi, wameyasifu majahazi, na kwenye harusi husifiwa hata wasiostahili. Modemu kuukuu peke yake haijapata msemaji. Ipo juu ya kabati la televisheni, vumbi mgongoni, antena moja imelegea na kuinamia ukutani, na kila apitaye hana neno nayo isipokuwa tusi. Dhuluma hii haina budi kukoma, na nitaanza na fadhila zake ndogo bila kuzichelewesha. Joto lake humfaa paka. Taa zake za kijani humwonyesha mtu njia ya jikoni usiku. Kwa kuwa mawimbi yake huishia mlangoni pa chumba cha pili, huwaleta watu wa nyumba nzima kwenye kochi moja, kazi iliyowashinda mashangazi na vikao vya ukoo. Na kile kiduara kinachozunguka bila kukoma kwenye kioo cha simu kimewafundisha vijana subira ambayo viboko havikuweza kuifundisha. Hizo ni fadhila za kawaida tu. Iliyo kuu, inayoipandisha modemu juu ya vyombo vyote vya nyumbani, ni kipaji chake cha kubeba lawama.

Tuutazame ukubwa wa kipaji hicho. Jenereta la mnara likiishiwa dizeli, modemu ni mbovu. Mwenye nyumba akijenga ukuta wa zege uliojaa nondo kati ya sebule na vyumba, modemu ni mbovu. Majirani wa ghorofa moja wakirundikana kwenye chaneli moja, au maikrowevu ikipasha pilau kwa mawimbi ya gigahezi 2.45, mle mle inamopita waifai ya gigahezi 2.4, modemu ni mbovu. Mkongo ukikatika chini ya bahari, maelfu ya kilomita kutoka sebuleni, bado modemu ni mbovu. Nayo haijibu. Haiitishi mkutano na waandishi wa habari, haiundi tume ya uchunguzi, haisemi kwamba ilinukuliwa vibaya. Mtumishi wa umma akiharibu kazi huhamishiwa kituo kingine. Modemu isiyoharibu chochote huhamishwa kutoka kabatini hadi dirishani, kutoka dirishani hadi juu ya friji, na kila kituo huripoti bila posho ya uhamisho. Huzimwa, huwashwa, hudungwa kitunduni kwa kijiti cha meno, kisha huamka bila kinyongo, ikawasha taa zake moja baada ya nyingine, tayari kulaumiwa upya. Laiti kila jumuiya ya binadamu ingekuwa na mwanachama mmoja wa namna hii, mahakama zingefungwa kwa kukosa kesi, maana kila kosa lingekuwa na mkosaji wake kabla halijatendwa.

Sasa tuje kwenye ushahidi, kwa sababu sifa bila ushahidi ni uchawa tu. Kiwango cha waifai kinachoitwa 802.11n kilipitishwa mwaka 2009. Modemu ya kiwango hicho, hata ile ya bei ya chini yenye antena moja, kinadharia hupitisha megabiti 72 kwa sekunde. Tukate nusu kwa ajili ya kuta na vurugu za hewani, zinabaki zaidi ya 30. Modemu za 4G za daraja la 4 nazo zimeundwa kupokea hadi megabiti 150. Nyumba iliyolipia megabiti 10 ikapata 2 inawezaje kuamini kwamba chombo kinachomudu 30 kimezidiwa na 10? Hesabu yenyewe haihitaji mhandisi. Biti nane hufanya baiti moja, hivyo megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25. Kwa kasi hiyo filamu ya gigabaiti moja ingeshuka kwa dakika kama 13. Ikichukua saa mbili, kilichofika ni megabiti moja na ushee, na sehemu kubwa ya muda huo modemu imekaa bure ikingoja kazi ambayo haikuletwa.

Atasimama mtu aseme kwamba modemu kuukuu huwa mbovu kweli, na kwamba aliyenunua mpya akaona tofauti si mwongo. Nakubali. Modemu inayotumia gigahezi 2.4 pekee hubanana na za majirani kwenye chaneli tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11. Kwenye jengo la ghorofa, mpya yenye gigahezi 5 itapata nafasi ya kupumua, ingawa mawimbi hayo huchoka mapema zaidi mbele ya kuta. Modemu yenye tundu la waya la megabiti 100 haiwezi kupitisha kifurushi cha 200 hata ikisomewa dua. Lakini mambo hayo yana kipimo, na kipimo chenyewe ni rahisi. Chomeka kompyuta kwenye modemu kwa waya, pima saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni, kisha pima tena saa tisa usiku mtaa ukiwa umelala. Programu za kupima hupenda kuchagua seva ya karibu, ambayo mara nyingi imewekwa na watoa huduma wenyewe, kwa hiyo chagua seva ya mbali; mwendo wa kutoka Kariakoo hadi Posta hausemi lolote kuhusu video inayotoka Ulaya. Kasi ikiwa kamili kwenye waya na dhaifu kwenye waifai, badilisha modemu, au kwanza itoe nyuma ya televisheni. Ikiwa dhaifu hata kwenye waya saa mbili, kisha ikafufuka saa tisa, modemu haina hatia, kwani modemu haijui saa. Foleni iko nje ya nyumba, na foleni hiyo haifupishwi kwa kununua kitu cha kuweka sebuleni.

Kipimo hicho mhudumu wa simu hakiulizi. Mteja anaeleza kwamba kisanduku cha fiba kinawaka taa nyekundu iliyoandikwa LOS, taa iliyowekwa kiwandani kwa maana moja tu, kwamba mwanga haufiki kutoka kwenye waya. Anajibiwa: zima, hesabu hadi thelathini, washa. Azime nini? Kilichokatika kiko kwenye nguzo, au kwenye mtaro ambako katapila lilikuwa likichimba tangu asubuhi! Unafuata ushauri wa pili, kubonyeza kitundu cha nyuma mpaka mipangilio yote ifutike, pamoja na ile ambayo kampuni yenyewe iliiweka na ambayo ni fundi wake tu anayeweza kuirudisha, Jumanne, kama gari lipo. Ushauri wa tatu ni kununua modemu mpya, na hapo sauti ya upande wa pili huchangamka. Simlaumu mhudumu, amepewa karatasi ya kusoma na dakika za kuisomea. Walioiandika karatasi ndio wanaojua kwamba mteja anayekilaumu kisanduku chake mwenyewe hadai fidia.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na katika biashara hii maji hutiwa jioni. Matangazo hutaja kasi ya juu kabisa, hayataji ya chini kabisa, wala ile ya saa mbili usiku. Laini moja inayoingia mtaani huuzwa kwa nyumba nyingi kwa matumaini kwamba hazitaitumia zote kwa wakati mmoja. Kampuni hujitetea kwamba bila kugawana, bei isingeshikika. Ni kweli kabisa; laini isiyogawanwa ni ya benki na ofisi kubwa. Lakini anayejua nyumba ngapi zimeunganishwa kwenye laini moja anaweza pia kutaja kasi ambayo hataishusha zaidi ya hapo, na asipotaka kuitaja, si kwa kushindwa kuhesabu. Utetezi wa pili ni bahari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao ukadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Miezi michache kabla ya hapo SEACOM na mingine ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Hakuna mwenye akili atakayeitaka kampuni izuie bahari. Hata hivyo mikongo hiyo miwili, SEACOM na EASSy, ilianza kazi mwaka 2009 na 2010, muda wa kujifunza tabia za bahari ulikuwepo, na kununua njia mbadala ya kutosha ni uamuzi wa biashara unaofanywa mapema, mezani, na watu wenye kikokotoo. Wakiamua kubana matumizi, akiba ni yao. Mkongo ukikatika, kifurushi cha siku 30 hakisimami kuungojea. Siku zake zinaendelea kuhesabiwa, na hasara ni ya mteja.

TCRA nchini Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zina kanuni za ubora wa huduma na hufanya vipimo vyake, jambo jema, ila wastani wa mkoa mzima haumwambii mtu wa Tabata kwa nini simu ya video na mwanawe imeganda. Kanuni moja ndogo ingemfaa zaidi. Kila modemu inayouzwa kama dawa ya mtandao wa kobe iuzwe pamoja na vipimo viwili vya kwenye waya, cha saa mbili na cha saa tisa usiku, vikiwa vimeandikwa kwenye risiti. Na mwezi ukiisha bila kasi ya jioni kubadilika, modemu irudi dukani na pesa zirudi kwa mwenyewe. Wauzaji watalia kwamba hilo litaua biashara ya modemu. Litaua ile sehemu yake inayouza pole kwa bei ya chombo, na modemu zinazohitajika kweli zitaendelea kununuliwa kama kawaida. Kampuni inayoamini kwa dhati kwamba mkosaji ni modemu haitapoteza hata senti kwa kanuni hiyo, na itakayokataa kuandika vipimo hivyo kwenye risiti itakuwa imeshatuonyesha yenyewe kosa liko wapi.