Joho Ndani ya Meli

Karatasi iliyokuja na tiketi ilikuwa na maneno machache tu kuhusu mavazi, lakini yalitosha kuigawa nyumba yetu ya Northampton pande mbili. Safari yenyewe ilikuwa ya wiki moja, kutoka Southampton kwenda Norwei kutazama fiyodi, zile ghuba nyembamba zinazopenya katikati ya milima. Jioni mbili za safari hiyo, kuanzia saa kumi na mbili, abiria waliombwa wavae rasmi. Wanaume suti nyeusi na tai ya kipepeo, au suti ya rangi ya kiza na tai ya kawaida. Wanawake gauni refu au vazi jingine la karamu.

Baba Watoto ni dereva wa basi. Aliisoma karatasi, akaikunja, akaisukuma chini ya bakuli la sukari.

"Wiki nzima navaa sare ya watu," alisema. "Na likizo nayo nivae sare? Mie nitakula huko juu kwenye bafe, na fulana yangu."

Binti yetu akamuunga mkono papo hapo. Mdogo wake wa kiume hakutaka kusikia habari za bafe. Alishaona suti nyeusi yenye kola ya hariri katika duka la mitumba la hisani karibu na shule yao, na alikuwa amemwomba mwenye duka amwekee mpaka Jumamosi.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Unguja, na ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Chakula hicho cha nani?"

"Cha meli, mama. Nahodha anawakaribisha abiria."

"Basi ni karamu. Na karamuni watu huvaa. Weye baba yako alikufunza kwenda kwa watu na fulana?"

Baba Watoto hakujibu, na mimi nilikuwa upande wa mama yake tangu mwanzo. Naamini kuvaa kwa ajili ya meza ni heshima unayowapa watu utakaokaa nao, hata kama huwajui. Mtu aliyekaa saa nzima akipiga pasi shati lake, akaja kukaa mbele yako, amekupa kitu, na ni haki umrudishie. Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili vizuri. Hatuendi harusini na nguo za sokoni, na hatumuulizi bwana harusi kwa nini.

Ila nilitaka uamuzi wetu utokane na mambo yalivyo, kwa hiyo nikauliza, nikasoma. Kumbe meli hazifanani. Norwegian Cruise Line ilianza mwaka 2000 kuwaachia abiria wake uhuru wa kuvaa na kula wanavyotaka, na mtu anayechukia tai anaweza kusafiri nao maisha yake yote bila kuigusa. Cunard, kwa upande mwingine, wameshikilia jioni zao za fahari, na wapo wanaopanda meli hizo kwa sababu hiyo hasa. Jioni ya kwanza kwa kawaida haihesabiwi, kwa kuwa mizigo ya abiria inakuwa bado inasambazwa vyumbani, na desturi hiyo imetoka kwenye meli za zamani zilizovuka Atlantiki. Asiyetaka kuvaa halazimishwi kulala na njaa. Bafe iko wazi. Jambo hili la mwisho nililisema kwa sauti, ili Baba Watoto alisikie, kwa maana sikutaka ashindwe kwa kubanwa. Nilitaka akubali.

Kilichobaki ni swali la avae nini. Suti nyeusi hana, na kukodi suti kwa jioni mbili aliona ni kurudi kulekule kwenye sare ya watu. Jirani yetu Mkenya, aliyepita kuchukua sufuria yake, akashauri suti ya Kaunda, ile iliyoitwa kwa jina la rais wa kwanza wa Zambia: koti lenye kola, mikono mifupi au mirefu, tai haina nafasi. Hapohapo akakumbuka kwamba Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti hizo katika Bunge la Kenya, pamoja na mavazi ya jadi ya Kiafrika, ilhali Rais Ruto mwenyewe huvaa suti za namna hiyo mara kwa mara. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Iliniuma, na bado inaniuma, kwamba bunge la watu wa Afrika Mashariki liione suti ya Ulaya kuwa ndiyo rasmi, na vazi la wenyeji liachwe mlangoni, wakati meli ya Wazungu imeandika kwa wino mweusi, chini kabisa ya karatasi yake, kwamba vazi rasmi la taifa la abiria linakubalika.

Maneno hayo ya chini hakuna aliyeyasoma hadi Bi Mkubwa aliposema asomewe karatasi yote, kuanzia juu hadi mwisho.

"Basi mnahangaika nini?" alisema. "Sayyid Barghash alikuja huku kwao akaonana na Malkia Victoria. Alivaa nini?"

Alivaa joho na kilemba. Ilikuwa mwaka 1875, na picha alizopigwa London zipo. Nami nilikuwa nimesoma kwamba mafundi wa Henry Poole, wa Savile Row, wanahesabu kuwa walimshonea Edward, mwana wa Malkia, koti fupi la jioni mwaka 1865, na koti hilo ndilo linalotajwa kuwa baba wa suti hizi nyeusi za leo. Kwa hiyo vazi hilo lilikuwa na umri wa miaka kumi tu Sayyid alipofika, na joho lilikuwa limeshavaliwa enzi na enzi.

Bi Mkubwa akaondoka, akarudi na furushi lililofungwa kwa kanga. Alikuwa amelileta kutoka Unguja bila kumwambia mtu. Ndani mlikuwa na joho jeusi la marehemu baba mkwe, lenye zari ya dhahabu ukingoni, na kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono. Baba Watoto alisimama kimya. Hakulitegemea. Alilivaa juu ya ile fulana yake, na mabega yalimkaa sawasawa. Tangu hapo habari ya bafe haikutajwa tena.

Ndipo tukaona matundu. Nondo walikuwa wamekula chini ya kwapa na karibu na pindo, na zari ilikuwa imefumuka upande mmoja. Fundi wa kwanza tuliyempelekea alisema kazi hiyo haiwezi. Wa pili alitaja bei ambayo ingenunua joho jipya. Bi Mkubwa akalichukua, akakaa dirishani siku kadhaa na miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine, akachomoa nyuzi za sufu upande wa ndani wa pindo, akatililia matundu kwa nyuzi zilezile. Ukitazama unaona kitambaa tu. Zari tuliiagiza kwa dada yangu aliyeko Maskati, ikaja kwa mkono wa msafiri.

Palitokea kisa kingine cha jambia. Bi Mkubwa alishikilia kwamba joho bila jambia kiunoni ni nusu ya vazi, na la marehemu nalo alilihifadhi, ingawa liko Unguja. Tulimshukuru Mungu liko huko. Kisu cha namna hiyo hakipandi melini kwa kisingizio chochote.

Siku ya safari tuliendesha gari wenyewe mpaka Southampton. Hapa ndipo safari ya meli inapomhadaa mtu wa nyumba kubwa. Ndege ina mizani, inakuzuia; meli haikupimii kilo, kwa hiyo kila mtu anafungasha anachotaka. Tulikabidhi mizigo bandarini, tukapanda mikono mitupu, tukala, tukatalii. Jioni masanduku yakaanza kufika milangoni. La watoto likafika, langu likafika. La Bi Mkubwa, ambalo ndimo mlimokuwa na joho, kanzu, kofia, suruali zake za marinda na gauni langu, halikufika. Tulilala bila hilo.

Asubuhi palikuwa na kipande cha karatasi chini ya mlango: tafadhali fika kwa walinzi. Tulimkuta mlinzi mpole, amelifungua sanduku juu ya meza mbele yetu, na mashine ya eksirei ilikuwa imemwonyesha kila kitu. Chetezo cha udongo. Pakiti ya makaa ya kufukizia. Udi umefungwa kwenye kitambaa. Na pasi ya umeme, kubwa, ya kwangu mwenyewe, ambayo Bi Mkubwa aliitia akijua kanzu ya melimeli haivaliki ikiwa na mikunjo.

Moto ndio adui wa kwanza wa meli. Nyumba ikiungua unatoka mlangoni. Katikati ya Bahari ya Kaskazini unatokea wapi? Ndiyo maana mishumaa, udi, makaa na pasi za abiria haviruhusiwi vyumbani. Vyote vinne viliandikwa kwenye daftari, tukaambiwa tutavichukua siku ya kushuka. Bi Mkubwa alisikiliza tafsiri ya mjukuu wake mpaka mwisho, akasema ni haki, lakini akauliza: nguo za karamu zisizofukizwa ni nguo gani? Mlinzi hakuwa na jibu. Bi Mkubwa alitatua mwenyewe kwa mafuta ya udi, kichupa kidogo alichokuwa nacho mkobani, akapaka ndani ya mikono ya joho na kwenye pindo la mtandio wangu.

Jioni rasmi ya kwanza ilikuwa siku hiyohiyo. Joho tulilitundika bafuni, tukafungulia maji ya moto, mvuke ukalinyoosha, maana sufu ile hatukuthubutu kuigusa na chuma. Kanzu ilihitaji pasi ya kweli. Meli yetu ilikuwa na chumba cha kufulia cha abiria, chenye pasi zilizofungwa kwa waya kwenye meza zake, na saa tisa alasiri foleni ilikuwa imefika koridoni. Nilisimama na kanzu begani, kijana wangu nyuma yangu na shati lake jeupe na tai asiyojua kuifunga. Mbele yetu alisimama mzee wa Uskoti, amekunja kilti yake, vazi la marinda la kwao, mkononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Aliniuliza kanzu ni ya wapi. Nikamwambia. Akanionyesha namna anavyopiga pasi marinda ya kilti yake, moja moja, akiweka kitambaa chenye unyevu juu ili sufu ising'ae, na akasema jioni kama hizi amevaa kilti miaka yote na hajawahi kukodi suti. Alipomwona kijana anavuta ncha za tai huku na huku, alimgeuza akabiliane na kioo cha mashine ya kufulia, akamfungia polepole, akaifungua, akamwambia afunge mwenyewe. Watu wa foleni walingoja. Hakuna aliyelalamika, na mama mmoja alipiga makofi ilipokaa sawa.

Usiku tulishuka ngazi kubwa familia nzima. Jua lilikuwa bado juu ya maji, Magharibi haijafika, jambo ambalo Bi Mkubwa hakulizoea hata kidogo. Baba Watoto alitembea taratibu kuliko anavyotembea siku zote. Joho halimruhusu mtu kukimbia. Wapiga picha wa meli walimsimamisha, na alisimama. Mhudumu wa meza yetu alikuwa kijana wa Java. Aliitazama kofia ya viua, akatabasamu, akasema kwao batiki ya mikono mirefu ndiyo vazi la karamu na la ofisini, hakuna anayedai tai. Bi Mkubwa alimwita mwanangu mpaka safari ilipokwisha, na samaki wake alikuja ametolewa miiba yote.

Binti yetu hakufurahi. Alivaa gauni nililomwongezea mikono mirefu na viatu alivyochagua mwenyewe, na viatu vilimkata. Jioni rasmi ya pili, meli ikirudi kutoka Bergen na bahari imechafuka kidogo, alisema haendi: atakula bafe na raba zake. Baba yake alikuwa tayari ameshavaa kofia. Akanitazama, nami nikamtazama. Sikutaka kumlazimisha, kwa sababu heshima ya kulazimishwa haimfikii aliye mbele ya meza. Lakini sikutaka ale peke yake.

Bi Mkubwa akainuka, amevaa suruali ya marinda, kanzu ya hariri ya zambarau na mtandio wa zari. "Mie nakwenda naye," alisema. "Karatasi haijasema bafe usipambe."

Wakaenda, mmoja na hariri, mwingine na raba. Walirudi saa nne kasoro, wamechelewa kwa sababu walikutana na watu wa Leicester waliotaka kujua hariri ile imenunuliwa duka gani.

"Mlikula nini, mama?" Baba Watoto aliuliza.

"Samaki na chipsi. Moto, za sasa hivi. Kesho na weye uje, na joho lako."