Hali Yake Ilibadilika Ghafla

Tanzia za siku hizi zinaeleza kila kitu isipokuwa kile ninachotaka kujua. Moja inaingia kwenye simu alfajiri, kundi la ukoo, marehemu kavaa tai ya harusi ya bintiye. Naambiwa ni baba wa nani wa Mwanza, babu wa nani wa Ottawa, basi linaondoka saa ngapi, na namba ya kutumia rambirambi pamoja na jina litakalotokea, nisije nikakosea. Kifo chenyewe? "Kilichotokea baada ya kuugua kwa muda mfupi."

Mfupi kiasi gani? Na aliugua nini? Siulizi kwa umbea, au niseme si umbea mtupu. Marehemu ni rika langu, na kitimoto tumekula meza moja. Kama ni presha, nipunguze chumvi. Kama ni ini, hapo pana kesi, maana zipo Jumamosi ambazo ini lake na langu yamefanya kazi ileile.

Basi nakwenda msibani kusubiri wasifu. Msomaji anatupa shule ya msingi, mwaka wa kipaimara, ajira ya kwanza, hadi ukatibu wa chama cha kuweka na kukopa. Akifika kwenye ugonjwa anaongeza mwendo kama dereva wa daladala aliyeona trafiki kageuka: "Alianza kujisikia vibaya, akakimbizwa hospitali, hali yake ikabadilika ghafla, mauti yakamfika." Hali ikabadilika! Yangu hubadilika kila tarehe 20 na bado nipo.

Turubai likikosa jibu hujitungia. Kwenye karata, ni sukari. Kijana wa bodaboda ananong'ona kuwa ni ngoma. Jikoni kwenye masufuria ya wali ni mkono wa mtu, na mtu mwenyewe ametajwa. Yuko palepale anamenya vitunguu. Nikaona nimwendee mfiwa.

"Shemeji, pole sana. Hivi mzee alikuwa anasumbuliwa na nini hasa?"

"Ah, shemeji, siku zake zilitimia."

Hilo nilikuwa nimeshalihisi, jeneza lilikuwa mbele yetu.

Najua tulikotoka. Tangu ukimwi uliporipotiwa mara ya kwanza nchini, kule Kagera mwaka 1983, kuugua kwa muda mrefu kulikuwa na tafsiri moja tu, na familia zikajificha nyuma ya nimonia na kifua kikuu. Aliyekuwa na binti wa kuoza hakuthubutu kusema. Sawa. Lakini Kenneth Kaunda, akiwa Ikulu ya Zambia mwaka 1987, alisimama akaeleza kuwa mwanawe Masuzyo alikufa kwa ukimwi. Mandela akafanya hivyohivyo kwa mwanawe Makgatho, Januari 2005. Mwalimu Nyerere alipofariki London, 14 Oktoba 1999, nchi nzima ilijua ni saratani ya damu. Maradhi ya Baba wa Taifa tulijulishwa. Ya fundi baiskeli wa mtaa wetu ni siri ya dola.

Na afadhali wakae kimya kuliko kuniambia moyo ulisimama. Serikali ya Burundi ilitoa sababu hiyo kwa Rais Nkurunziza mwaka 2020, na sasa mtaani kwetu kila mwenye msiba anayo. Nataka siku moja nialikwe kuzika mtu ambaye moyo wake unaendelea kudunda.

Juzi nikamwita mke wangu nikamweleza rasmi: mimi nikifa, tanzia iandike ugonjwa kwa jina lake, ulianza lini, na dawa gani nilikataa kumeza. Akaendelea kuchambua mchele.

"Baba Neema, hilo litaamuliwa na kikao cha ukoo. Na wewe hutakuwa mjumbe."