Shikamoo ya Mtaroni

Jumamosi iliyopita asubuhi, katika kona moja iliyoko kati ya Mombo na Soni, gurudumu la mbele la gari langu likiwa limezama katika mtaro wa maji ya mvua na injini ikiwa imezimika, lilitokea nyuma yangu lori la Fuso lililosheheni matenga matupu, likipanda kwa gia ya kwanza taratibu mno hata nikapata wasaa wa kuyasoma maneno yote yaliyochorwa ubavuni mwake, na utingo aliyening'inia mlangoni, kijana ambaye ndevu zake bado zilikuwa katika hali ya matarajio, akainama kunitazama dirishani, akasema kwa adabu kamili, "Shikamoo, mzee."

Sheria ya salamu haina msamaha kwa mtu aliye mtaroni. Niliitikia, "Marahaba."

"Gari limekushinda?" akauliza, wala si kwa kejeli, ambayo ningeweza kuijibu, bali kwa huruma, ambayo haijibiki.

Nikamwarifu kwamba nimesimama kidogo ili kuipumzisha injini. Akalitazama gurudumu lililozama, akanitazama mimi, kisha akalitazama tena gurudumu, kama hakimu apimaye ushahidi wa pande mbili. "Haya, mzee wangu, pole. Likishapumzika, tia namba moja, wala usilikimbize. Litapanda tu." Nikamshukuru. Nikatazamia kwamba mazungumzo yetu yamefikia tamati, lakini lori lilikuwa bado halijamaliza kunipita, nasi tukabaki tukitazamana kwa kitambo, kila mmoja akiwa hana la kuongeza.

Yafaa ijulikane ni gari gani lililopewa nasaha ya kupanda kwa namba moja. Ni Subaru Impreza WRX STI, ambalo hati yake ya kuzaliwa Ujapani yaitaja nguvu ya farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa nchi ile walipatana kwa miaka mingi, hadi 2004, kutokukivuka katika maandishi. Ndugu zake wa mashindano walitwaa Safari Rally mwaka 1997 chini ya Colin McRae, na tena mwaka 2000 chini ya Richard Burns, wakipita katika vumbi na matope ya Kenya kwa kasi ambayo haielezeki kwa mtu aliyezoea barabara zetu. Waliolitoza ushuru bandarini walitaka kujua ujazo wa injini yake na mwaka wa kuundwa kwake, wakazidisha, wakajumlisha, wakapokea chao. Kama mnunuzi alijua kukata kona, hilo halikuwamo katika fomu.

Nguvu hiyo yatoka wapi? Swali hili limeninyima usingizi kwa namna ya kupendeza, nami nitalijibu kwa kirefu, maana ndani yake mna hekima. Katika injini ya kawaida, moshi ukishatoka katika silinda huhesabiwa kuwa umekwisha kazi, ukatupwa nje kwa njia ya eksozi ilhali ungali na joto na mwendo mwingi usiomfaa mtu yeyote. Turbo ni tadbiri ya kuukataa uharibifu huo. Moshi hupitishwa kwanza kwenye kigurudumu chenye mapanga, ukakizungusha. Na kwa kuwa kigurudumu hicho kimefungwa katika mhimili mmoja na mwenziwe aliye upande wa pili, huyo naye huzunguka, akivuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini, ili mafuta mengi zaidi yapate hewa ya kuungulia. Kitu hicho, ambacho hutosha katika viganja viwili vya mikono, chaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Na katika milima ya Usambara, ambako hewa huwa hafifu kadiri mtu apandavyo, na magari yasiyo na turbo huanza kuhema, chenyewe huendelea kushindilia kana kwamba kiko Tanga ufukweni.

Lakini kina ila moja, nayo ndiyo iliyonikutanisha na utingo. Ili kizunguke chahitaji moshi, na ili moshi uwe mwingi ni lazima mafuta yakanyagwe kwanza; kwa hiyo, baina ya mguu kuamuru na injini kutii, hupita muda mfupi wa kimya. Katika barabara kuu iliyonyooka kimya hicho hakina madhara. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto, hata hivyo, haikunyooshwa: Wajerumani, ambao mji wa Lushoto waliuita Wilhelmstal, waliipitisha ubavuni mwa mlima kwa mizunguko inayojirudia, nayo hupanda takriban mita 1,000 katika umbali wa kilomita 33 hivi, ikiwa na mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili.

Basi niliingia katika kona ile, iliyokuwa imepinda kuelekea kulia, nikakanyaga mafuta kwa kiasi. Kimya. Nikaongeza kidogo, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeongeza. Kimya. Nikaongeza tena, na hapo, katikati kabisa ya kona, farasi wote 280 wakaitika kwa mkupuo mmoja. Usukani nilikuwa nimeukata kulia kwa dhati, lakini gari lilikuwa limekwisha kukata shauri la kwenda kushoto, ambako, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, palikuwa na mlima wala si bonde.

Fundi mmoja mzee wa mjini Lushoto, alipokuwa akiutazama uvungu wa gari kwa uso wa daktari asiyetaka kuitisha jamaa za mgonjwa, alinieleza yaliyotokea, na maelezo yake yalinivutia hata nikasahau kwa muda kuuliza gharama. Tairi, alisema, lina akiba moja tu ya kushikana na barabara, nalo hulazimika kuigawa katika kazi tatu: kupunguza mwendo, kukata kona na kuendesha gari mbele. Ukiitumia yote kwa kazi moja, nyingine hukosa. Fauka ya hayo, kona haidai kwa kadiri ya mwendo, bali kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe, hata dereva apandaye kutoka kilomita 30 kwa saa kufikia 42 huwa ameongeza madai maradufu, ingawa mshale wa mbele yake umesogea upana wa kidole. Na akikanyaga mafuta, uzito wa gari hulala nyuma, matairi ya mbele yakawa mepesi wakati uleule ambapo yeye huyategemea yamgeuze. Kwa sababu hiyo wajuzi hufunga breki gari likiwa limenyooka, hubadili gia kabla ya kona, hukata kona kwa mguu mtulivu, ndipo hukanyaga mafuta waonapo mwisho wake.

Mambo mengine ya siku ile hayana urefu. Abiria wa Coaster moja waliniondoa mtaroni, wakakataa malipo, lakini hawakukataa kucheka. Tuta lisilo na alama, karibu na Soni, lilichukua kipande cha bampa. Watoto wa Lushoto waliniomba nilingurumishe, nikalingurumisha, likazimika. Wakati wa kuteremka breki zilitoa harufu ambayo mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza matunda kando ya njia aliitambua kabla yangu.

Nimewaza sana juu ya elimu ile ya fundi, na kila niwazapo kicheko hupungua. Nilipotahiniwa ili nipewe leseni, nilitakiwa kuzitambua alama za barabarani na kurudi nyuma baina ya vijiti bila kuviangusha, nami nilifanya yote mawili kwa ufasaha. Lakini hakuna mtu, si mwalimu wala mtahini, aliyewahi kunitajia kwamba uzito wa gari huhama, au kwamba katika mteremko mrefu injini yenyewe yapasa kulizuia gari kwa gia ndogo, kwa kuwa breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na mafuta yake yakichemka kanyagio huzama bila kushika kitu. Elimu hiyo ipo, lakini haifunzwi katika darasa lolote ninalolijua. Huipata utingo, kwa kuning'inia mlangoni mwa lori miaka mingi akitazama mguu wa dereva, na siku moja akapewa usukani. Na wale wasiobahatika kuning'inia hujifunzia kazini, wakiwa na basi zima la mama za watu na watoto wao nyuma ya kiti. Kisha ajali itokeapo husemwa kwamba ni mwendo kasi, au ni kazi ya Mungu, na kesho yake dereva mwingine hukabidhiwa ufunguo naye akiwa hajui alichokuwa hajui marehemu.

Mimi nililipa, nikarudi nyumbani na bampa lenye kamba. Wapo waliolipa zaidi katika milima kama hiyo, na hawakununua farasi hata mmoja. Walinunua tikiti tu.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka ya kutoa leseni: vijiti na viwepo, na alama za barabarani zijulikane, lakini kabla ya kupigwa muhuri, kila mtahiniwa apandishwe mlima mmoja na kuteremshwa, na pembeni yake aketi mtu aliyezeekea katika malori. Gharama yake ni mafuta ya asubuhi moja.